Chumba cha Nahodha

Tangu vita viishe sabuni ilikuwa adimu Tabora nzima, kwa hiyo Batuli alifulia shuka za nyumba ya wageni ya shirika kwa majani ya mpapai. Aliyaponda kwenye beseni, akasugua, akasuuza, akaanika. Kamba aliifunga mwenyewe, juu mno, hata wafuaji wenzake walilazimika kupanda ndoo. Upepo wa kiangazi ulizijaza shuka, jua likapenya ndani yake, naye akawa hayupo tena pale. Alikuwa uwanjani, jezi ya taifa mgongoni, mpira ukielea juu ya wavu taratibu, hautaki kushuka, na watu wote wamenyamaza wakimngoja nahodha aruke.

"Dada Batuli, habari za kazi?"

Alikuwa Tobias, afisa utumishi. Nyuma ya shuka vilionekana viatu vyake tu.

"Nzuri, Bwana Tobias."

"Mchezaji mpya anafika leo na treni ya Mwanza. Tunakihitaji chumba chako."

"Na mimi nikalale wapi?"

"Ni chumba cha wachezaji, dada. Ulipewa ukiwa nahodha. Kibarua chako hakijaguswa, kesho njoo kama kawaida."

Batuli akaendelea kuanika. Shirika lilimtoa shuleni akiwa binti, likamwambia aichezee timu yake ya mpira wa wavu kwanza, barua ya ajira itafuata. Alicheza. Alibeba bendera Kampala, akaibeba Lusaka. Siku goti lilipotenguka, uwanja mzima ulisimama kumpigia makofi; Jumatatu yake akaonyeshwa beseni.

Alasiri alikuwa amefunga godoro na sufuria zake, tayari kwenda kwa shangazi yake mtaa wa Ng'ambo, binti mrefu alipoingia uani na sanduku la bati.

"Shikamoo, dada. Naitwa Flavia." Akamtazama vizuri. "Wewe ni nahodha Batuli. Picha yako ipo ukutani shuleni kwetu."

"Marahaba." Kwa kitambo Batuli alisahau godoro. Alijiona ukutani huko, yuko hewani, miguu haijagusa chini. Kisha akauliza, "Wamekuandika kazi?"

"Wamesema nicheze kwanza, barua itafuata."

"Mechi ni lini?"

"Jumamosi."

"Basi idai barua leo, mdogo wangu. Ikipita Jumamosi hawatakusikia."

Tobias akatokea. "Flavia, karibu sana. Badili nguo, mazoezi yanaanza sasa hivi."

Binti akaliweka sanduku chini, akalikalia. "Nasubiri barua ya ajira, mzee."

"Itakuja."

"Basi nitaisubiri hapa hapa."

Tobias akamgeukia Batuli, lakini yeye alikwishajitwika godoro, sufuria zikiwa mkononi. Akashika njia ya Ng'ambo, akiuburuta mguu kidogo, vumbi jekundu likimfuata. Nyuma yake alimsikia Tobias akisema na yule binti polepole, akimbembeleza, akimwita mwanangu. Sauti ile aliijua. Mara ya mwisho kuisikia, goti lake lilikuwa zima.