Umeamkaje, Bonyeza Moja

1

*Umeamkaje. Kama u mzima, bonyeza moja. Kama unamhitaji mtu, bonyeza mbili. Usiharakishe. Nipo, nasubiri.*

2

Sauti hiyo ni ya Wakesho Mghanga. Aliirekodi chumbani kwake Nairobi, amejifunika blanketi gubigubi ili kelele za mtaa zisiingie. Alirudia na kurudia mpaka ikatoka kama sauti ya jirani aliyesimama mlangoni, anayetaka kukujulia hali tu kisha aende zake. Siku hizo aliandika programu za simu kwa ajili ya kampuni za watu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na marafiki zake wengi aliwajua kwa ujumbe tu.

Mama yake aliishi peke yake kwenye vilima vya Mirindoni. Siku moja aliteleza jikoni, nyonga ikavunjika, akalala sakafuni kutwa na kucha mpaka jirani alipokuja kuazima ungo. Wakesho alipomkuta hospitalini, alijiandaa kusikia habari za maumivu.

"Maumivu yalikuwepo," mama alisema. "Lakini si hayo yaliyonitesa. Nililala pale nikiwaza, nikifa hapa, watasema nimekufa lini? Watakisia. Mtu mzima kama mimi, nikisiwe siku yangu."

Mama alipona, akaishi miaka kadhaa na mkongojo wake. Wakesho alirudi Nairobi na neno hilo. Hakuweza kulala nalo wala kulitupa, basi akalifanyia kazi.

3

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila asubuhi simu ya mzee anayeishi peke yake, au na mzee mwenzake tu, inalia. Simu yoyote, hata ile ndogo ya tochi, mulika mwizi. Akibonyeza moja, yamekwisha. Akibonyeza mbili, au asipobonyeza kitu hata baada ya kupigiwa tena, ujumbe unakwenda kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake, naye anakwenda kubisha hodi.

Hakuna zaidi. Wewe unayesoma unaweza kusema hata wewe ungeliwaza jambo hilo. Huenda. Wakesho hakubishana na watu waliomwambia hivyo.

4

CONSTANCE MKAWASI, mhudumu wa afya wa kijiji, akieleza:

"Wakesho alikuja mwenyewe, nyumba kwa nyumba. Tulipanda vile vilima pamoja, yeye na viatu vyake vya mjini. Akifika anaketi na mzee, anamshika kidole, anamwonyesha: moja ndiyo hii hapa. Kama mzee haoni vizuri, anabandika kipande cha plasta juu ya kibonyezo, ili kidole kikitafute chenyewe. Watu wa kaunti walikuja baadaye, na magari. Mimi nasema nilichokiona."

5

SERIKALI YA KAUNTI YA MIRINDONI
IDARA YA AFYA
TANGAZO KWA UMMA

Serikali ya Kaunti ina furaha kuutangazia umma kwamba huduma ya UMEAMKAJE sasa itawafikia wazee wote wanaoishi peke yao katika kaunti yetu. Huduma hii ni ubunifu wa Idara ya Afya. Kwa maelezo zaidi, muone Bw. Festo Mwakalama, Afisa wa Teknolojia.

6

Festo alikuwa kijana mwepesi wa kuelewa. Kaunti ilipomwajiri Wakesho kwa mkataba, yeye ndiye aliyepangiwa kukaa naye, ajifunze mfumo. Walikula pamoja mchana, kila siku, na kwa Wakesho hilo halikuwa jambo dogo.

"Dada, usiumie kwa maneno ya tangazo," alimwambia. "Ni lugha ya ofisi tu."

Hakuumia. Alikuwa na asubuhi zake. Aliketi na kikombe cha chai mbele ya skrini, na majibu yakaanza kuingia, moja, moja, moja, kutoka Ngolomwe, kutoka juu ya msitu, kutoka kule barabara inakoishia. Kila moja ni mtu aliyefungua macho. Mama yake alipofariki, kitandani, mchana, Wakesho akiwa amemshika mkono, alilia siku zake, kisha akarudi kwenye skrini. Hao ndio waliokuwa watu wake.

7

MAMLAKA YA TAIFA YA SIMU ZA DHARURA
ILANI

Imebainika kwamba Kaunti ya Mirindoni inaendesha huduma ya simu za dharura bila idhini. Ustawi wa wazee na mawasiliano ya dharura ni majukumu ya Serikali Kuu. Mnaagizwa kuisitisha huduma hiyo mara moja.

MAJIBU YA KAUNTI

Afya ni jukumu la kaunti. Mzee aliyeanguka ni suala la afya. Hatusitishi.

AMRI YA MUDA YA MAHAKAMA

Huduma isitishwe mpaka itakapoamuliwa mzee akianguka ni wa nani.

(Jaji hakuandika hivyo. Aliandika kurasa nyingi. Hivyo ndivyo Constance alivyowaelezea wazee.)

8

Kimya.

9

*Yaliyosikika kwenye foleni ya kinu cha kusagia mahindi:*

— Simu yangu imeharibika. Hailii asubuhi.

— Hata yangu.

— Wanasema Nairobi wamekataa.

— Wamekataa nini? Sisi tusiamke?

— Wanasema si kazi ya gavana.

— Sasa ni kazi ya nani?

— Ndiyo wanaulizana.

10

Wakesho alikuwa akila katika hoteli moja ya mjini Mirindoni, meza ya pembeni, alipoiona habari kwenye televisheni iliyotundikwa ukutani. Serikali Kuu ilikuwa ikizindua mpango wake, *Salamu za Taifa*, utakaowapigia simu wazee wa nchi nzima kesi itakapokwisha. Kulikuwa na zulia, bendi, na mtu wa kuvishwa nishani: mbunifu wa mfumo huo, ambaye sasa ni afisa wa Mamlaka.

Festo. Suti ilimkaa vizuri.

"Wazo hili," alisema Festo kwenye televisheni, "lilinijia nilipoketi na mama yangu hospitalini, baada ya kuvunjika nyonga."

Mhudumu wa hoteli alisimama na sahani mkononi. "Vijana wetu wana akili," alisema.

"Wana akili, ndiyo," Wakesho akajibu, kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa hakuna mtu mwingine mle ndani ambaye angeweza kumwambia lolote jingine.

11

"Festo."

"Dada. Nilikuwa nataka kukupigia."

"Mama yako alivunjika nyonga?"

"Hotuba waliiandika wao. Mimi nilisoma tu."

"Nakuuliza mama yako."

"Mama yangu alikufa nikiwa darasa la pili, Wakesho. Unajua."

"Najua. Nilikuwa nakula nawe uliponiambia."

Hakuna aliyekata simu. Kwa mbali, upande wa Festo, kulisikika watu wakicheka na glasi zikigongana. Upande wa Wakesho hakukuwa na sauti yoyote. Wakakaa hivyo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akipumua, mpaka

12

Wakili wa kaunti alimwambia: tia sahihi kwamba uliujenga mfumo ukiwa mwajiriwa wetu. Tukishinda kesi, jina lako tutalitaja.

Wakili wa Serikali Kuu alimwambia: tia sahihi kwamba uliujenga Nairobi, kabla ya mkataba wa kaunti. Wao watakuwa hawana lao. Jina lako litawekwa chini ya la Festo.

"Na nikisema niliujenga kwa sababu ya mama yangu?"

"Hiyo si hoja ya kisheria," walisema. Walisema hivyo wote wawili, kila mmoja ofisini kwake, kwa upole uleule.

Wakesho hakutia sahihi kwa yeyote. Alikwenda mahakamani kivyake, akaomba aunganishwe kwenye kesi kama mbunifu. Hakutaka mengi. Alitaka mahali fulani, katika karatasi moja ya serikali yoyote, paandikwe kwamba mwanamke aliyelala sakafuni alikuwa mama yake.

Mahakama ilimkubalia. Ili ipate muda wa kumsikiliza na yeye, kesi ikasogezwa mbele.

13

Wakati huohuo alipiga simu mwenyewe. Kulipopambazuka tu alianza, kijiji kwa kijiji. *Umeamkaje, ni mimi.* Wengine walidhani ni ile mashine, wakabonyeza moja na kukata. Wengine walishika, wakamweleza habari za mbuzi na za magoti. Jua lilipanda akiwa hajamaliza hata kilima kimoja. Wazee walikuwa maelfu na yeye alikuwa na mdomo mmoja.

Mama Mkamburi, wa pale juu ya shule, aliishi kilima cha pili.

14

*Ujumbe kutoka kwa Constance:*

Tumemkuta Mama Mkamburi leo. Alikuwa karibu na mlango. Hatujui ni tangu lini.

15

Walikisia.

16

Mazishini mchungaji alisema "katika juma hili lililopita," akajikohoza, akaendelea. Fundi aliyechonga msalaba aliandika mwezi na mwaka. Mahali pa tarehe palibaki mbao tupu. Wakesho alisimama nyuma kabisa, peke yake. Mwakilishi wa kaunti alisema lawama ni ya Serikali Kuu. Naibu wa kamishna, aliyeiwakilisha Serikali Kuu, alisema lawama ni ya kaunti. Hakuna aliyemlaumu Wakesho. Hakuna aliyekumbuka kwamba kesi ilisogezwa kwa ajili yake.

Unaweza kumwambia hakukosa, kwamba mwenye kudai haki yake si mwuaji. Constance alimwambia hivyo hivyo wakishuka kilima. Wakesho alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ningeipata haki yangu hata mwakani, Constance. Yeye alikuwa anaihitaji simu Jumanne. Au Jumatano. Unaona? Hata mimi sijui."

17

MAKUBALIANO NJE YA MAHAKAMA

(a) Huduma itaendeshwa kwa pamoja na Serikali Kuu na Serikali ya Kaunti.

(b) Huduma itaitwa Salamu za Taifa.

(c) Mbunifu anayetambuliwa ni Bw. Festo Mwakalama, kama ilivyokwisha kutangazwa.

(d) Bi. Wakesho Mghanga anaondoa madai yake, na hatayarudia hadharani wala faraghani.

(e) Sauti itarekodiwa upya.

Chumbani mlikuwa na mawakili kutoka pande zote mbili, wakicheka kidogo sasa, kama wakwe waliokwisha kuelewana. Wakesho alisoma kipengele baada ya kipengele. Kwenye (e) alisimama.

"Simu zitaanza kulia lini?"

"Jumatatu."

"Kesho haiwezekani?"

"Mama, kwa serikali mbili, Jumatatu ni kukimbia."

Akatia sahihi.

18

*Hii ni Salamu za Taifa. Thibitisha hali yako. Moja, salama. Mbili, msaada.*

19

Alihamia nyumba ya mama yake. Aliendelea na kazi za kampuni za watu kwa mtandao, mtandao ulipokuwepo. Asubuhi alichemsha chai, akaketi mahali pa kuketi, na skrini haikumwonyesha mtu. Majibu sasa yaliingia kwenye jengo moja Nairobi ambalo hakuwahi kulikanyaga. Lakini alfajiri, akitoka nje, aliweza kuzisikia simu zenyewe: moja kwa jirani, nyingine ng'ambo ya bonde, nyingine mbali zaidi, zikiitikiana. Alisimama uani mpaka ya mwisho iliponyamaza.

Kisha

chai.

20

Constance alimjia na shida. Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Kilambo, juu kabisa karibu na msitu. Habonyezi. Kila asubuhi ujumbe unakuja, kila asubuhi Constance anapanda mlima kwa hofu, na kila asubuhi anamkuta mzee ameketi kibarazani, mzima, simu iko magotini.

"Anasema mwanamke huyo mpya wa kwenye simu hamjui," alisema Constance. "Mimi miguu imechoka, Wakesho. Nenda umwonyeshe tena. Kibonyezo ni kilekile."

Akaenda, asubuhi iliyofuata, umande ukiwa bado. Alipofika uani alibisha hodi, na kwa kuwa ndiyo salamu ya kumpa mzee asubuhi, alisema:

"Umeamkaje, baba?"

Mzee Kilambo aliinua uso. Macho yake yalikuwa na ukungu, hayakumtafuta.

"Ndiwe," alisema.

Wakesho hakujibu. Hadharani wala faraghani.

"Sitakuuliza neno. Constance alisema umekatazwa." Alipapasa benchi pembeni yake. "Kaa. Umechelewa kurudi."

Akakaa. Mzee hakuwa na haraka. Alimwuliza kama mguu ule ulimshangaza, aliposikia kwamba umepona bila dawa. Alimwuliza alionaje habari ya ng'ombe wa shemeji. Wakesho hakuelewa. Ikambidi aulize ni mguu gani.

"Nilikueleza. Wakati wa kuvuna. Kila asubuhi ulikuwa unasema nipo, nasubiri. Mimi nakueleza, nikimaliza nabonyeza. Habari za Nyange nilikueleza wewe kwanza, kabla hata ya watoto."

"Nyange ni nani, baba?"

Mzee aliigeuza simu magotini mwake.

Wakesho alitazama mikono yake. Angeweza kusema alisikia. Lilikuwa neno jepesi, na nani angemsahihisha?

"Sikusikia, baba," alisema. "Ile ilikuwa mashine. Nilipata moja tu. Kila siku, moja. Hiyo niliipata. Ya kwako sikuikosa hata siku moja, ila maneno hayakufika."

"Yote?"

"Yote."

Simu ikalia magotini mwa mzee, akaipokea. *Hii ni Salamu za Taifa.* Ilisema mpaka mwisho, ikaanza tena, na Wakesho akafikiri juu ya Constance na miguu yake, akatia mkono, akakiongoza kidole cha mzee mpaka kwenye kipande cha plasta kilichochakaa. Kikabonyezwa. Simu ikanyamaza. Mzee hakuonekana kuijali. Alikuwa amegeuza sikio kuelekea upande wake, akisubiri ahakikishe bado yupo.

"Basi nianze upya," alisema. "Una nafasi?"

"Ninayo."

Alijikohoza, akanyoosha mguu ule.

"Nyange alikuwa mke wangu. Siku ya kwanza ulipopiga, alikuwa bado hapa ndani, amelala, na mimi nilitoka nje nisimwamshe, nikakwambia