Kipande Nambari Sitini na Moja

Kwa mwaka mzima baada ya kumzika mume wangu, niliendelea kumgombeza. Usinicheke. Nilimgombeza kwa sababu alikuwa bado anaharibu.

Natafuta funguo asubuhi, nazikuta ndani ya kopo la sukari. Naingia jikoni saa sita mchana, jiko la gesi linawaka, sufuria tupu juu yake imeshabadilika rangi. Naenda kuoga, nakuta kisu chake kidogo cha kukatia vibao kimelazwa juu ya sabuni. Mambo yaleyale ya miaka yake miwili ya mwisho, kichwa chake kilipoanza kuvuja. Wenzangu wakifiwa wanaachiwa viatu na miwani. Mimi niliachiwa usahaulifu, nao ulizunguka vyumbani kama mwenye nyumba.

"Nahodha," nilikuwa namwambia huku nazima jiko, "hata huko uliko unataka kunichomea nyumba?"

Kisha nilikaa chini nikajisikia vizuri, kusema kweli. Mtu anayekuharibia vitu si yupo?

Nahodha ni jina walilompa majirani kwa dhihaka. Alikuwa kinyozi, na kivuko cha dakika kumi tu kilimtapisha mpaka nyongo. Lakini sebuleni mwetu alikuwa na meli kumi na tatu, na zote tulizijenga sisi wawili kwa mikono yetu. Zinauzwa kwenye maboksi. Ukifungua unakuta vibao vyembamba vilivyochorwa vipande, kila kipande na nambari yake, nyuzi za kamba, vitambaa vya matanga, na karatasi ya maelekezo kwa lugha sita ambazo hata moja haieleweki. Yeye alikata, mimi niligundisha. Mkono uliozoea wembe haupotezi mstari, na mimi nilikuwa nesi wa chumba cha upasuaji miaka thelathini na moja, kibano ni kidole changu cha sita. Kila siku saa kumi alasiri tulitandika gazeti mezani na hakuna mgeni aliyethubutu kuweka kikombe pale.

Kule hospitali kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Mikasi, sindano, vipande vya pamba, vyote kabla daktari hajafunga tumbo la mgonjwa. Daktari awe bingwa wa mabingwa, nikisema "bado, kimepungua kimoja," alisimama na sindano yake hewani akanisubiri. Sikuwahi kuacha kitu ndani ya mtu. Muulize yeyote aliyefanya kazi nami.

Basi hata kwenye meli, kabla ya kufunga sitaha, yaani ule ubao wa juu unaofunika tumbo la meli, tulikuwa na desturi yetu. Kwanza mimi nahesabu vipande vilivyobaki mezani na kuvilinganisha na karatasi. Halafu kila mmoja anachukua penseli na kuandika neno ndani ya tumbo, yeye ubavu wa kulia, mimi wa kushoto, na mwenzio haruhusiwi kuchungulia. Ukishafunga, yameisha. Hayasomwi mpaka siku meli itakapovunjwa, na sisi hatukuwa watu wa kuvunja meli.

Ya kumi na tatu ndiyo iliyotuharibia. Tulifunga sitaha vizuri jioni, kesho yake nikataka kuweka usukani, kipande nambari sitini na moja, kigurudumu kama kifungo cha shati. Hakipo. Nikapekua meza, nikapekua boksi, nikakunguta gazeti, nikapiga magoti na tochi chini ya kabati na goti langu hili bovu. Yeye kasimama tu, mkono kichwani.

"Ni mimi, Nesi," akasema. "Nimekipoteza mimi."

"Umekipoteza wapi?"

"Ningejua ningekwambia?"

Jamani, nilimsema siku ile. Nilimtolea yote, sufuria iliyoungua siku mbili nyuma, funguo, mlango uliolala wazi. Nikamwambia kichwa chake kimekuwa chujio. Halafu nikamwomba kile kisu, maana nesi ni nesi, mtu wa hali ile hapewi kitu chenye makali. Hakubisha. Alikigeuza akanipa upande wa mpini, kama vinyozi wanavyopeana wembe.

Hatukujenga tena. Alikaa dirishani. Siku moja alibandika vikaratasi nyumba nzima kwa mwandiko wake mkubwa, ZIMA GESI, FUNGUO HAPA, FUNGA MLANGO. Nikamuuliza ni vya nini. "Vya kwangu," akasema, "wewe usivijali, ila ukipita visome tu unikumbushe." Wageni wakija nilikuwa nawaambia, na yeye yuko palepale anasikia, "Mzee wangu siku hizi hayupo, mvumilieni." Naye alikuwa anatabasamu. Hilo tabasamu sasa hivi nikilikumbuka natamani ardhi inimeze.

Moyo ndio uliomuua, saa nne asubuhi, kitini, na gazeti mapajani.

Vikaratasi sikuvibandua. Na kisu nilichokifungia kabatini kikaanza kutembea, kama nilivyokwambia. Mwanzoni niliogopa. Baadaye nikazoea, na mwisho nikawa nasubiri. Siku ikipita kila kitu kiko mahali pake, nilikuwa nalala mnyonge.

Halafu wiki tatu kabla ya haya ninayokusimulia, nikiwa nafuta vumbi, nikainua meli ya kumi na tatu na kusikia kitu ndani. Ka, ka, ka. Nikaitikisa tena. Ka, ka. Meli ile niliifuta vumbi kila Ijumaa na haikuwahi kutoa sauti. Nikakaa nayo mapajani, machozi yananitoka, nikajua ni nini. Alikuwa amekitafuta kipande kile mpaka amekipata, na amekirudisha.

Binti yetu, mwalimu, alikuja Jumamosi na maboksi ya kufungashia. Alikuwa ameshaamua. Nihamie kwake, chumba kiko tayari, kina dirisha, kina choo chake. Akaona sufuria mpya iliyoungua, akaguna.

"Mama, hii ni ya tatu mwezi huu."

"Muulize baba yako."

"Mama, baba amekufa."

"Najua amekufa, mimi ndiye niliyemvalisha. Lakini nimesema ametoka humu ndani?"

Akaweka boksi chini taratibu, kwa ile subira ya walimu inayonikera. "Mama, tafadhali. Naogopa kulala, nawaza utaungua humu ndani peke yako."

"Sipo peke yangu. Na siwezi kuhama nikamwacha mgonjwa kwenye nyumba tupu, nani atamzimia jiko?" Nikaona anataka kulia, nikapunguza sauti. "Haya, mwanangu, tufanye hivi. Nikuoneshe kwa macho yako kwamba yupo. Nikishindwa, nafunga mizigo leoleo na sitatia neno."

"Leoleo?"

"Mimi nimeshawahi kukudanganya?"

Nikatandika gazeti. Nikaleta kisu, maji ya moto na kitambaa, maana gundi nyeupe ya mbao ukiilowesha inalegea. Nilimpa aitikise mwenyewe. Ka, ka. Alikunja uso. Nikamweleza kipande kilipotea lini, na jinsi meza ilivyopekuliwa, na kwamba mpaka baba yake anazikwa meli ile ilikuwa kimya kama jiwe. "Sasa niambie," nikasema, "kimeingiaje kwenye tumbo lililofungwa?" Akaiweka meli sikioni, akaitikisa tena. Nilifurahi kama mtoto.

Ilinichukua karibu saa nzima kuibandua sitaha bila kuipasua. Ikaachia. Nikaiinamisha meli, na usukani ukajitingirisha mpaka kwenye kiganja changu.

"Unaona? Unaona!"

Nikaugeuza ili nimwoneshe. Nyuma yake palikuwa na gundi iliyokauka.

Nikachukua lenzi. Ndani ya tumbo, chini kabisa, kwenye ubao wa katikati, palikuwa na alama ya gundi mahali usukani ulipokuwa umekaa kabla haujaachia. Tone moja, duara, dogo kama ufuta. Nahodha hakujua kugundisha. Akigusa gundi ilikuwa inachuruzika mpaka kwenye kiwiko, ndiyo maana sikumruhusu. Tone la namna ile katika nyumba ile alikuwa analidondosha mtu mmoja tu. Hakuna aliyeurudisha usukani. Ulikuwa humo siku zote, ulibanduka tu kwa uzee wa gundi.

"Mama? Kuna nini?"

"Kuna maandishi ubavu wa kulia. Macho yangu hayaoni. Nisomee."

Macho yangu yalikuwa yanaona. Akamulika kwa simu, akasoma kama anavyosoma darasani, kwa sauti iliyonyooka.

"'Leo Nesi amegundisha usukani humu chini. Amehesabu mara tatu, akasema vimetimia. Jana aliunguza sufuria, nikasema ni mimi. Na hili nitasema ni mimi.'"

Akashusha simu.

"Malizia."

"Imeishia hapo, Mama."

"Wewe mtoto, nimekuzaa mimi. Malizia."

Sauti yake haikunyooka tena. "'Wewe utakayeivunja meli hii, nakuomba usimwambie.'"

Nilimsikia akilia, nikasikia na gari likipita barabarani, huku nimeshikilia kile kigurudumu. Nilikuwa nawaza kisu. Jinsi alivyonipa upande wa mpini. Mtu ana akili zake timamu, kazi ya mikono anayoipenda kuliko zote ananyang'anywa na mke anayemwita chujio, na anatoa, ili mke asijijue. Na vile vikaratasi. "Ukipita visome." Nyani haoni kundule, wakubwa walisema, na mimi methali hiyo nilikuwa nawatolea wauguzi wanafunzi.

"Na ubavu wa kushoto," binti yangu akauliza huku anajifuta, "huo ni mwandiko wako?"

Sikukumbuka nilichoandika. Alinisomea. "'Vyote vimehesabiwa. Hakuna kilichobaki tumboni.'"

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Akanikumbatia nikiwa bado na kigurudumu mkononi. Nililia kwa sababu nilimdhulumu, ndiyo. Lakini nikisema ni hilo tu nitakuwa mwongo. Nililia kwa sababu mwaka mzima nilikuwa na mtu, nikipika namsikia, nikikosa funguo namcheka, nikizima jiko namgombeza, na sasa nikatazama sebule, kiti cha dirishani, mlango wa jikoni, na hapakuwa na mtu. Alikuwa amekufa tangu siku ile ya gazeti. Nilikuwa nazunguka peke yangu, nazificha funguo mwenyewe na kuzitafuta mwenyewe.

Ahadi ni ahadi. Tukaanza kufunga mizigo. Usukani niliugundisha mahali pake kabla ya kufunga chochote, na binti yangu alikagua, nikamwacha akague. Sitaha hatukuifunga. Nilimwambia aichukue meli hivyohivyo, wazi, aiweke chumbani kwangu ili nikilala niione.

Tulikuwa tunakunja nguo wakati harufu ilipoingia, ya chuma kinachoungua. Sikumbuki kuwasha chochote. Binti yangu aliinua kichwa, akanitazama.

Mdomo wangu ulishafunguka kumwita Nahodha. Nikaufunga, nikainuka, nikaenda kuzima jiko.