Dakika Kumi za Esta

Esta alikuwa amepika miaka kumi na tisa kwenye jiko la shule moja ya bweni mjini Same. Kila siku alianza kazi alfajiri, akasonga ugali wa wanafunzi mia tatu, akarudi nyumbani alasiri miguu imevimba. Hata hivyo mwili ulizidi kuongezeka. Alipopimwa zahanati alikutwa na kilo tisini na sita, na presha iko juu, akaandikiwa dawa.

"Punguza mwili, mama," daktari alimwambia. "Fanya mazoezi."

"Mazoezi gani tena, daktari? Mimi nashinda nimesimama."

"Kusimama kunakuchosha tu. Moyo nao unataka kazi yake. Anza taratibu, na ukisikia kizunguzungu uache."

Aliyemwelekeza ni Rodrick, mwalimu wa michezo pale shuleni, kijana ambaye humwamkia Esta shikamoo. Alimwambia dakika kumi zinatosha, mara tatu kwa wiki: sekunde ishirini za nguvu zote, kupandisha magoti au kuchuchumaa na kuinuka, kisha sekunde arobaini za kuvuta pumzi. Halafu unarudia, mara kumi.

Esta alifanyia uani, simu ya kuhesabu sekunde ameiegemeza kwenye ndoo. Siku ya kwanza mizunguko minne tu ilimmaliza, akaketi kwenye saruji yenye joto, kanga imemganda mgongoni. Alitamani kulia, ila hata kulia aliona ni kazi. Keshokutwa yake alirudi. Wala hakuwa na hamu; aliogopa kupooza kama dada yake aliyelala kitandani huko Suji.

Mwezi wa tatu wa mazoezi magauni yalianza kumpwaya, na watu wakaanza kuuliza. Sokoni waliuliza kwa macho. Kanisani, mzee Sifael alimvuta kando mume wake, Eliufoo, fundi cherehani.

Eliufoo alirudi nyumbani amenuna. "Mama Elinaza, hayo mambo yako uyaache."

"Mambo gani?"

"Kurukaruka. Watu wanauliza kama unaumwa. Wengine watasema sikulishi."

Esta alikuwa ameketi kizingitini, hajavua hata viatu vya kazini. Hakuwa na nguvu za kugombana.

"Baba Elinaza, nimechoka," alisema. "Nachoka jikoni, nachoka hapa uani, sasa nichoke na maneno ya watu pia? Wewe unadhani huku ni kucheza. Njoo ufanye na mimi leo tu. Ukimaliza, nitaacha."

Eliufoo alicheka. Akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo. Simu ikalia, wakaanza. Mzunguko wa kwanza alipandisha magoti kama askari wa gwaride. Wa pili kicheko kilimwisha. Wa tatu alishika ukuta, na wa nne ulipoanza alikuwa amelala chali, mdomo wazi, anatafuta hewa.

"Una nini?" Esta aliuliza huku akiendelea kuchuchumaa.

"Subiri... bado mingapi?"

"Sita."

Alibaki pale chini akimtazama mkewe alivyodondokwa na jasho kidevuni, magoti yakimtetemeka, na bado akiinuka kila simu ilipolia. Ilipofika kumi, Eliufoo aliinuka kwa kujikongoja, akamletea maji kwenye kikombe. Suala la kuacha hakulitaja tena.

Jumapili iliyofuata mzee Sifael alimuuliza tena habari za mgonjwa.

"Haumwi, mzee," Eliufoo alijibu. "Anafanya mazoezi. Mimi yamenishinda."

Mwezi wa sita Esta alirudi zahanati. Kilo tisini. Presha ilikuwa imeshuka kidogo, siyo sana. Daktari alimpongeza, akamwambia aendelee na dawa, na mazoezi asiyaache.

"Mpaka lini, daktari?"

"Siku zote, mama."

Esta alifumba macho kidogo. Kisha akachukua kadi yake, akatoka nje kwenye upepo na vumbi, akaelekea kazini. Maharage yalikuwa hayajabandikwa.