Tembo wa Fundi Suti

"Ondoa hao wanyama," shemeji aliniambia, huku akinyoosha kola ya koti kwa pasi. "Wateja wakiingia wanadhani wamekosea duka."

Duka lilikuwa lake. Shemeji, mume wa dada yangu, alijulikana mtaa mzima kama Fundi Suti, na jina hilo alitembea nalo kifua mbele. Mimi nilikaa kona ya dirishani na cherehani ya mkono, nikishona wanasesere kwa mabaki ya vitambaa vyake: twiga wa pazia kuukuu, sungura wa flana, tembo wa sufu ya kijivu iliyobaki kwenye suruali za mabwana. Macho niliyatarizi kwa uzi, maana mtoto mchanga kila anachopewa hukionja kwanza. Nilikuwa na rafu moja na kiti kimoja, na sasa alivitaka vyote viwili.

"Siondoi," nikasema. "Hata sikio la sungura."

"Basi toka nao. Leo hii. Mwanamume mzima, ndevu zimeota, unacheza na midoli!"

"Kwani wewe ulipokuwa unatambaa ulichezea nini, tai?"

Dada, aliyekuwa akishikiza vifungo, akaziba mdomo kwa kiganja. Mumewe akamkata jicho.

"Cheka tu. Vitu anavyoshona mdogo wako, mimi nashona nikiwa nimelala."

Hapo damu ikanichemka. Dharau juu yangu naimeza. Juu ya kazi yangu, haishuki kooni. Nikamtupia kipande cha sufu mezani.

"Basi amka, ushone tembo mmoja. Ukimmaliza, nafunga virago na sirudi. Akikushinda, nawatundika wanyama wangu ninapotaka mimi."

"Shemeji, usinichekeshe."

"Umeitwa uwanjani, mume wangu," dada akasema. "Unaingia, au unaendelea kupiga pasi?"

Akaiweka pasi chini. "Haya. Nimekubali, na wewe uwe shahidi."

Sitamnyima haki yake: mkono anao. Alimchora tembo kwa chaki bila kuinyanyua, akakata vipande viwili, akavilaza uso kwa uso kama tunavyofanya sote, upande mbaya ukiwa nje. Cherehani yake ikanguruma. Akapita mkonga, paji, mgongo, mkia, miguu, tumbo, akarudi mkongani. Akakata uzi kwa meno na kumnyanyua tembo juu.

"Nipe pamba."

"Hii hapa," nikasema. "Unaipitishia wapi?"

Akamgeuza. Akamgeuza tena. Alikuwa amemfunga kotekote, uso mzuri wa kitambaa ukiwa ndani, hata kidole hakiingii. Koti lina shingo, lina mikono, lina pindo. Aliyezoea makoti hana haja ya kuacha nafasi ya kugeuzia. Tembo asipoachiwa, basi tena.

Dada akashindwa kujizuia. Alicheka hadi vifungo vikamwagika sakafuni. "Mume wangu, umeshona bahasha!"

"Nafumua kidogo tu," shemeji akanung'unika.

Akafumua tumboni, akageuza. Mkonga ukagoma kutoka. Akausukuma kwa ncha ya mkasi, mara mkasi ukatokeza upande wa pili. Akabaki ameduwaa, chuma kikimchungulia kutoka puani mwa tembo.

"Mambo ya watoto haya," akasema.

"Ndiyo, ya watoto. Na mtoto hapewi kazi mbovu."

"Duka bado ni langu."

"Na neno ulilotoa, ni la nani?"

Alimtazama shahidi wake. Shahidi alikuwa amepiga magoti, anaokota vifungo na kufuta machozi ya kicheko. Hakupata msaada huko.

Nikachukua nyundo, misumari na kamba. Nikaipita rafu, nikazipita kuta zote, nikapanda juu ya kiti pale pa kuingilia.

"Mlangoni?" shemeji akaruka. "Wanapopita mabwana harusi?"

"Hapohapo."

Nikagonga msumari wa kwanza, kisha wa pili. Nikamtundika twiga, nikawatundika sungura, nikawatundika tembo, miguu ikining'inia katikati ya njia. Shemeji alisimama amekunja mikono, kwato za twiga zikimgusa kwenye paji la uso.

"Basi wapandishe kidogo," akasema mwishowe. "Watu wazima watapitaje?"

"Wainame."