Jicho la Rimoti

Kwa mara ya tatu mwezi ule nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kompyuta ya sebuleni, bisibisi nimeibana kwa meno, na kwa mara ya tatu sikuona kasoro yoyote. Nilibonyeza rimoti. Kioo kidogo nilichokipachika usoni pa mashine kikawaka, jina la filamu likapita kwa herufi kubwa za kijani. Nikabonyeza tena, sauti ikapanda. Nilitamani kuitupa nje ya dirisha, mashine na rimoti yake.

"Mbona kwangu inakubali?" nilimwuliza baba.

"Kwako," alijibu kutoka kitini.

Miaka tisa imepita na jibu lile bado linanichoma.

Baba alikuwa ametoka hospitali na kiharusi kilichomwachia mkono mmoja wa kutegemewa, tena wa kushoto. Filamu zake zote zilikuwa ndani ya kompyuta ile, lakini kuifikia kulitaka mtu asimame, ainame, ahangaike na kibodi. Kwa hiyo alimwita mama. Mzee ambaye hakupenda kuomba hata maji ya kunywa, sasa anaita mara ishirini kwa siku. Kufikia jioni aliona aibu kuita tena, akabaki anatazama kitu alichokwisha kukitazama asubuhi. Mimi ni fundi wa kompyuta. Niliapa mzee huyu atajiendeshea mambo yake. Nikatoboa uso wa mashine, nikaweka kioo cha maandishi ambacho angekisoma akiwa kitini, na chini yake jicho la kupokea rimoti, dogo kama punje ya mahindi.

Nikiwapo, kila kitu shwari. Nikifika kwangu tu, mama anapiga simu: haikubali. Nilibadilisha betri, nikabadilisha jicho, nikalehemu nyaya upya mpaka vidole vikaungua. Nikimpa baba ajaribu mbele yangu, anasema amechoka. Safari ile ya tatu uvumilivu uliniishia.

"Baba, mashine haina tatizo. Tatizo ni mkono wako."

Mama alikuwa akipanga vikombe; akaacha. Baba aliiweka rimoti mezani taratibu, vitufe vikitazama chini.

"Asante, fundi," alisema.

Hakuwahi kuniita fundi. Siku zote nilikuwa mwanangu.

Niliondoka nimefura. Nilikuwa nimefika getini nilipokumbuka kuwa nimesahau koleo, nikarudi. Nilimkuta mama ameinama mbele ya mashine, anaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kizito, anakivuta pembe hadi kioo na jicho vikapotea kabisa.

"Mama, unafanya nini?"

"Naifunika. Vumbi litaharibu kazi yako yote hii."

"Na huwa unakitoa saa ngapi?"

"Ukija. Nikuachie mashine imefunikwa, utaifunguaje?"

Nilikaa chini, palepale sakafuni. Mama alipoingia jikoni nilimgeukia baba.

"Ulijua?"

"Nina macho."

"Wiki tatu nafungua, nafunga, nakugombeza, na wewe umenyamaza tu?"

"Alikifuma pembeni ya kitanda changu, siku zile siwezi hata kumwitikia. Leo nimwambie akiondoe, kwa ajili ya rimoti?"

Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia.

Jumamosi iliyofuata nilikichomoa kioo na jicho lake, nikavihamishia kwenye kiboksi chenye waya mrefu, nikakiweka kwenye rafu kando ya mashine. Tundu lililobaki lilikuwa baya, ila kitambaa kililisitiri. Mama alikizunguka kiboksi, akakikagua, akaenda chumbani na kurudi na kitambaa kingine, kidogo, kipya. Alikinyanyua kiboksi, akakitandika kitambaa chini yake. Nikashusha pumzi.

Baba alichukua rimoti. Kidole gumba kilitetemeka, kikatangatanga juu ya vitufe, kikakipata alichokitaka. Herufi za kijani zikawaka.

"Umeuona mkono wangu, mwanangu?"

Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kumwomba radhi, mazuri, yaliyonyooka. Nikasema mawili tu.

"Nimeuona, baba."

Akabonyeza tena, bila sababu, akaizima mashine. Kisha akaiwasha.