Mkono wa Domitille

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba 2024. Asubuhi mvua ilinyesha kidogo, halafu jua kali likatoka na barabara za mtaa wetu wa Keshero zikaanza kufuka mvuke.

Jioni tulikuwa kwenye maombi nyumbani kwa Mama Olive. Domitille, mwenzangu wa masomo ya jioni, alikaa kando yangu. Yeye hutwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuza, kutwa nzima mchi juu, mchi chini. Bega lake la kuume linamuuma hata darasani huandika chini kabisa ya ubao, na watu wazima wenzetu humcheka.

Juma lililopita nilimsindikiza kwa kine, yule fundi wa viungo pale kituo cha afya. Alitueleza taratibu:

"Hapa kuna kano, kamba inayofunga musuli kwenye mufupa. Inapita mahali pembamba, na kila ukitwanga inasuguliwa. Sasa imechanika nusu. Uipumzishe, ufanye mazoezi niliyokuonyesha, itapona. Mutu akiuvuta mukono kwa nguvu, itakatika yote."

Basi tulipoanza kusifu, mikono yote ikainuka isipokuwa mmoja. Papa Achille, kiongozi wetu, akanyamazisha wimbo.

"Mama Domitille, nani amefunga huo mukono?"

"Ni kano, papa. Imechanika."

"Kano! Shetani siku hizi anaitwa kano?"

Watu wakacheka. Hapo hapo akamshika kiwiko, akauvuta mkono juu. Domitille alipiga ukelele hadi mbwa wa jirani wakabweka.

"Anatoka! Anatoka!" Achille akapaza sauti.

Nikasimama katikati yao. "Muachie!"

"Dada Jeanine, unapinga Roho?"

"Ninakupinga wewe. Ukivunjika muguu, tutakushika tukuchezeshe? Hiyo kano Mungu ndiye aliyeifuma. Wewe unaichana kwa jina lake!"

Akamwachia. Domitille akaukumbatia mkono wake akilia. Hakuna aliyemwambia hata pole. Mama Olive akakohoa, akasema, "Tuendelee. Anayemupenda Bwana ainue mikono."

Nao wakainua! Mbele ya yule mama anayelia, wakainua.

Nilimwomba Mungu anipe sauti, akanipa.

"Sikilizeni wote, na Bwana asikie. Ninaahidi: mukono wangu hautainuka katika nyumba hii mpaka wa Domitille uinuke wenyewe, bila kuvutwa na mutu. Na sombe yake, kuanzia kesho, nitaitwanga mimi."