Kukunja Shuka

Nyumbani kwetu maneno mazito husemwa wakati wa kukunja shuka. Mimi ni dobi, na shuka kubwa haikunjwi na mtu mmoja: mnashika ncha, mnavuta, kisha mnasogeleana. Kwenye mkunjo wa mwisho mko uso kwa uso, huwezi kumficha mwenzako macho. Marehemu mke wangu ndiye aliyeanzisha hayo.

Jioni ile binti yangu, mwanasaikolojia wa kiwanda cha nguo, alishika ncha hata kabla ya kuvua viatu.

"Baba, meneja anataka niandike kwamba kuna fundi anaumwa akili."

"Anaumwa?"

"Analalamika. Wakishaingia kushona, mlango unafungwa kwa kufuli. Wenzake wameanza kumsikiliza. Nikiandika, atarudishwa nyumbani, na neno lake halitasikika tena."

Tukavuta. Tukasogeleana.

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anaogopa moto."

"Na wewe ukifungiwa humo?"

"Nitaogopa."

"Basi wagonjwa mko wawili."

Alicheka kidogo, kisha akaivuta shuka kwa nguvu. "Nisipoandika, wataniondoa."

Mtaa mzima unajua binti yangu ana ofisi yenye kibao cha jina lake mlangoni, maana mtangazaji ni mimi. Nikajikuta nasema, "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Tafuta maneno ya kati na kati."

Alisogea na ncha zake, akaziweka mikononi mwangu, asiachie. Macho yalikuwa ya mama yake kabisa.

"Nimeyatafuta, Baba. Hayapo. Yule fundi alinieleza hofu yake kwa kuniamini. Sasa niitumie kumfunga mdomo?"

Niliona haya, mzee mzima.

"Basi wa kutibiwa ni mlango," nikasema.

Kesho yake alirudi mchana, kibao kwapani. Alikuwa ameandika kwamba fundi ni mzima, hofu yake ina sababu, na mlango ufunguliwe. Nakala alimpa fundi mwenyewe, naye akawasomea wenzake. Mashine zilinyamaza mpaka kufuli likatoka. Binti yangu naye akatolewa.

"Sina ofisi tena, Baba. Utawaambia nini majirani?"

Nilikichukua kibao, nikakitundika juu ya meza ya pasi, wateja wote wakione.

"Shika ncha," nikamwambia.

Tulipokutana katikati, sikuwa na haraka ya kuipokea shuka.